Aliyemwita Redio

"Nilisahau kukwambia jambo moja, afande," mzee alisema. "Ile pasi ilikuwa ya baridi."

Inspekta aliinua kalamu yake kutoka kwenye karatasi.

"Pasi ipi?"

"Niliyompigia marehemu. Jana nilisema niliitoa mezani. Sikuitoa mezani. Ilikuwa rafuni, ile ya akiba. Haikuwa na moto."

"Kuna mtu aliyekuuliza kama ilikuwa na moto?"

Mzee aliitazama mikono yake iliyotiwa pingu. "Hakuna. Nimekumbuka tu nilipoamka."

Sajini alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, tumbo likiwa limetangulia mbele ya mkanda. "Mzee," alisema, "sisi wengine tukiamka tunakumbuka njaa. Wewe umekumbuka pasi?"

Mzee hakujibu. Si bure wafungwa wenzake walimwita Kimya. Marehemu, aliyelala kitanda kilichopakana na chake, walimwita Redio kwa kuwa hakuwa na swichi ya kumzimia, na ilikuwa utani wa seli nzima kwamba maneno ya vitanda viwili alipewa mmoja.

Redio alikutwa amelala kifudifudi ndani ya stoo ya karakana ya ushonaji, kisogo kimepasuka, asubuhi ambayo majaji walitarajiwa kuja kukagua gereza. Kabla hata kelele hazijaenea, Kimya alikwenda mwenyewe kwa askari wa zamu, akanyoosha mikono na kusema, "Nifungeni, nimeua." Mkuu wa gereza alipompokea Inspekta langoni alimwambia hii ni kesi nyepesi kama unyoya: mwuaji yupo, maungamo yapo, pasi yenye damu ipo. Kilichobaki ni sahihi.

Ila pasi ndiyo iliyomkera Inspekta. Asubuhi ile karakana ilikuwa ikinyoosha sare za askari kwa ajili ya ugeni, na pasi zote zilizokuwa mezani zilikuwa zimejaa makaa. Mtu akipigwa kisogoni kwa pasi ya namna hiyo, nywele zitaungua, ngozi itababuka, na majivu yatamwagika hadi mabegani. Daktari aliyeupima mwili hakuona alama ya moto hata moja. Aliona mpasuko mwembamba na mrefu, basi.

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Kifungo chako kilikuwa kinaelekea ukingoni, mzee. Redio alikukosea nini?"

"Alinitukana."

"Alikutukana nini?"

"Tusi."

"Tusi gani?"

"Tusi tu, afande. Matusi yote ni mamoja."

"Una nani huko nje?"

Hapo ndipo uso wa mzee ulipobadilika. Makunjo ya kando ya macho yalijikusanya, na kwa mara ya kwanza Inspekta aliona kwamba mtu huyu aliwahi kuwa mcheshi.

"Nina binti. Anakuja kuniona."

"Huwa anakuja?"

"Hajawahi. Nilimuua baba yake mdogo, afande. Ndugu yangu, tumbo moja, ziwa moja, tuligombea mpaka wa shamba. Yule ndiye aliyembeba binti yangu mgongoni. Baada ya hapo binti alinikana, na sikumlaumu. Lakini sasa amelainika. Nimeambiwa."

"Umeambiwa na nani?"

Mzee alifunga mdomo, na hapakuwa na swali lililoweza kuufungua tena.

Nje, kwenye ujia uliopakwa rangi mpya kwa ajili ya majaji, Sajini alijifuta jasho la shingo. "Turudi kwa Simenti?"

Simenti ndiye aliyetajwa kwanza na askari wa karakana. Alikuwa mfungwa mwenye mabega kama kabati, na yeye na Redio waliwahi kupigana kwa sababu ya blanketi. Inspekta alikuwa amepoteza siku nzima kumfuata.

"Simenti alikuwa zahanati aking'olewa jino," alisema. "Jino lenyewe nililiona kwenye kibakuli. Sajini, habari ya pasi kuwa na moto, wewe uliisikia lini?"

"Mimi? Leo hii, humo ndani. Jana si ulinituma maabara?"

"Na daktari hakujua kwamba pasi zilikuwa na makaa. Yeye aliona jeraha tu."

"Basi nani alijua?"

Jambo hilo Inspekta alikuwa amelisema mara moja tu, jana alasiri, kwa mtu mmoja, akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Mtu huyo alikuwa afisa ustawi wa gereza. Wafungwa walimwita Mlezi. Yeye ndiye aliyepanga nani aonane na jamaa zake, na neno lake ndilo lililopima nani amejirekebisha kiasi cha kutolewa mapema. Yeye na Inspekta walisoma chuo kimoja, darasa moja. Baba yake Inspekta alipokuwa mahututi, Mlezi alishika zamu ya kukaa kando ya kitanda hospitalini kama mtoto wa kuzaa. Inspekta alipofika gerezani kwa kesi hii, Mlezi alimvutia kiti ofisini kwake na kumwambia, "Dada, hapa ni kwako." Naye alikaa, akanywa chai, na kumsimulia upelelezi wake hatua kwa hatua, mpaka kwenye majivu ambayo hayakuwepo. Mlezi alikuwa ametikisa kichwa kwa huruma. "Maskini mzee wa watu," alisema. "Labda amechanganya mambo."

"Washa gari," Inspekta alimwambia Sajini. "Twende kwa huyo binti."

*

Binti yake Kimya alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, kimoja kina ufa, na harufu ya mafuta ya nywele iliyomfanya Sajini apige chafya tatu mfululizo na kubaki nje. Msusi aliendelea kusuka huku Inspekta akijitambulisha. Vidole havikusimama hata neno "gereza" lilipotajwa. Vilisimama lilipotajwa neno "baba".

"Amekufa?"

"Mzima. Anasema unakwenda kumwona."

Msusi alicheka kicheko kikavu. Alimwomba mteja wake ampishe kidogo, na yule mama akatoka na nusu kichwa cha misuko.

"Dada, usinicheze. Baba yangu hataki hata kulisikia jina langu."

"Nani amekwambia?"

"Yule bwana wa pale, wa ustawi. Nimekwenda mara ngapi! Nasimama langoni na wenzangu, wao wanaingia, mimi nasubiri. Halafu anatoka yeye, mpole kweli, ananishika bega. 'Mama, nimeongea naye. Ametema mate chini. Anasema hana mtoto.' Narudi nyumbani nalia njia nzima. Nikipata nguvu, nakwenda tena."

"Ulikuwa unakwenda kumwambia nini?"

"Kwamba nimechoka kumchukia." Alichukua kitana, akakirudisha. "Baba mdogo amekufa, hatarudi. Nisingepoteza wawili kwa shamba moja."

"Huyo bwana wa ustawi, aliwahi kukutaka kitu?"

Msusi alimtazama kwa muda, kama anayepima kina cha maji kabla ya kuingia.

"Mara ya kwanza kabisa. Aliniambia kuna njia ya mkato, inapitia nyumbani kwake, jioni. Nikamwambia miguu yangu mizima, nitapita njia ndefu. Akacheka, akasema ananitania. Ni baada ya hapo ndipo baba alipoanza kunikataa. Pale langoni tunajuana, dada. Wapo waliopita njia ya mkato. Hawasemi, lakini wao huingia."

"Mbona hukuripoti?"

"Kwa nani? Nikiuliza malalamiko yanapelekwa wapi, naelekezwa kwake."

Inspekta aligeuza ukurasa wa daftari.

"Mara ya mwisho kwenda ilikuwaje?"

"Alikuwepo mfungwa mmoja anafagia ua wa wageni. Mwembamba, mdomo haufungi. Aliniona nalia akanijia na ufagio wake, anajifanya anafagia miguuni kwangu. 'Wewe ni mtoto wa Kimya,' akasema. 'Mmefanana mapua. Nani amekudanganya kwamba hakutaki? Mzee anakulilia kila akilala, mimi nasikia, kitanda changu kiko pale pale. Majaji wanakuja, na mimi nitawaambia yote yanayofanyika hapa langoni. Na baba yako nitamwambia mwenyewe.' Nikarudi nyumbani nikingoja. Tangu hapo sijasikia neno."

"Hutalisikia," Inspekta alisema. "Ndiye aliyeuawa. Na baba yako anasema ndiye aliyemuua."

Msusi alikaa kwenye kiti cha wateja wake, akajiona kwenye kioo chenye ufa, akageuza uso.

*

Mlango wa stoo ya karakana ulifungwa kwa nje kwa nondo iliyopita kwenye pete mbili za chuma. Mlango wenyewe ulikuwa wa kijani kilichochakaa, umebambuka kama ngozi ya mjusi. Nondo ilikuwa ya kijani kibichi inayong'aa.

"Mbona rangi haifanani?" Inspekta alimuuliza askari wa karakana.

Askari huyo alikuwa mtu mwenye wasiwasi wa kudumu. "Ilipakwa kwa ajili ya majaji, afande."

"Majaji waje kukagua nondo, mlango wasiuone?"

"Mimi nilitii amri tu."

"Amri ya nani?"

"Ya afisa ustawi. Alileta kopo mwenyewe. Niliona ajabu, maana rangi si kazi yake, lakini yule ni Mlezi, afande. Hata angeniambia nipake rangi kuku, ningepaka."

"Ilipakwa kabla au baada ya mwili kukutwa?"

Askari alifungua mdomo, akaufunga. Ilionekana kwamba swali hilo hakuwa amejiuliza, au alijiuliza akaliogopa. "Baada," alisema kwa sauti ndogo. "Mwili ulikuwa umeshatolewa."

"Na asubuhi ile ulikuwa wapi?"

"Aliniita ofisini kwake. Nilipofika hakuwepo. Nikamsubiri."

Sajini alivaa glavu akaichomoa nondo. Alipoipeleka dirishani, Inspekta aliinama na kioo cha kukuzia. Mwisho mmoja ulikuwa umekunjwa kuwa kishikio, na ndani ya mkunjo, mahali brashi isipofika, palikuwa na uchafu mweusi uliogandamana na kitu chembamba mfano wa unywele. Inspekta aliulinganisha unene wa nondo na picha ya jeraha. Hakuhitaji kuilinganisha mara mbili.

"Na damu kwenye pasi?" Sajini aliuliza.

"Damu ilikuwa tele sakafuni. Kuichovya pasi ni kazi ya kupepesa jicho."

Alimwagiza aipeleke nondo maabara mwenyewe, asimwachie dereva, na asipite ofisi yoyote kuaga.

*

Siku majibu ya maabara yalipotoka, yakithibitisha kwamba damu ya kwenye nondo ni ya Redio, Inspekta alimleta msusi gerezani kwa gari la polisi, akamwingiza kwa mlango wa jikoni na kumkalisha katika chumba kilichopakana na chumba cha mahojiano. Kisha akaenda kukaa mbele ya Kimya. Hakufungua jalada.

"Mzee, binti yako hakukukana."

"Najua. Nimekwambia amelainika."

"Hakulainika sasa. Amekuwa akija miaka yote. Alikuwa akisimama langoni anaambiwa umetema mate, hutaki kumwona. Na wewe ulikuwa ukiambiwa yeye ndiye hataki. Aliyewaambia ninyi wawili ni mtu mmoja."

Mzee alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha anayoifahamu nusu.

"Mlezi hawezi," alisema.

Lilikuwa jina ambalo Inspekta hakuwa amelitaja. Sajini aliliandika.

"Nani alimwona binti yako akilia, mzee, akaapa kukwambia? Redio. Siku ile asubuhi, hakukwambia ana habari yako?"

Kimya alijibu polepole. "Alisema... tukiwa kwenye foleni ya maji alisema, 'Kimya, nina neno lako, neno la damu yako, ngoja tukae pazuri.' Nilidhani ni porojo zake. Redio alikuwa na neno la kila mtu."

"Hilo ndilo lilikuwa neno lake."

Sauti iliyomtoka mzee haikuwa kilio. Ilikuwa kama ya mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Aliinamisha paji la uso juu ya pingu zake na kukaa hivyo. Sajini, ambaye kwa kawaida hakukosa la kusema, alitazama dari.

"Binti yako yupo chumba cha pili," Inspekta alisema kwa upole. "Ukitaka, umwone kwanza. Maelezo yatasubiri."

Kimya aliinua kichwa haraka.

"Hapana. Andika kwanza."

"Mzee..."

"Nikimwona kwanza nitaogopa kusema, mwanangu. Nitataka anione mwema. Andika, kisha aingie akijua ni mtu gani anayemwona."

Akasema. Mlezi alimwita asubuhi ile na kumtuma: nenda ukamwite Redio, mwambie unahitaji msaada wa kubeba majora ya kitambaa stoo. Usitaje aliyekutuma.

"Ulijua anaitiwa nini?"

"Kumuua, sikujua. Lakini nilijua si heri. Walikuwa wakiitwa stoo watu waliotakiwa kufundishwa adabu. Nimewahi kuwapeleka wengine, walitoka wamevimba. Mlezi alikuwa akiniambia, 'Nisaidie mimi, na mimi nitasema na binti yako.' Kila niliyempeleka, nilijiambia huyu ni wa mwisho. Redio asingemfuata askari. Alinifuata mimi kwa kuwa ni mimi. Njia nzima alikuwa anacheka."

"Kisha?"

"Walikuwa wawili tu ndani. Nilimsikia Mlezi akimwambia aape kwamba mbele ya majaji hatasema kitu. Redio akasema yeye ni redio, hazimwi. Nikasikia mshindo. Mlezi akatoka, nondo mkononi, jasho linamtiririka. Akaniambia, 'Baba, mambo yameharibika. Wewe ni mzee, umeshazoea humu, huna cha kupoteza. Likubali hili, na binti yako nakuletea, naapa.' Nikalikubali. Nilikubali kuuza jina langu, nalo halikuwa na bei tena. Na usiku wa kuamkia siku niliyokwambia habari ya pasi, ndiye aliyekuja seli kunielekeza niseme baridi."

"Unajua kwamba kumpeleka Redio stoo ni kosa, na hao wengine pia? Hutatoka mapema. Huenda usitoke kabisa."

"Andika," mzee alisema.

*

Mlezi alikuwa ofisini kwake akimwagia maji ua lililokuwa dirishani. Alipomwona Inspekta alitabasamu na kuvuta kiti.

"Dada! Nilidhani umenisusa. Nikuletee chai?"

"Simama mbali na meza. Uko chini ya ulinzi kwa mauaji."

Tabasamu lilichukua muda kuondoka. Alimtazama Sajini aliyeziba mlango, akamtazama tena Inspekta, na sauti yake ikawa ile ile ya hospitalini, laini kama pamba.

"Neno la mfungwa? Umenijua tangu ujana wetu. Nilimshika baba yako mkono hadi pumzi ya mwisho."

"Ulimshika."

"Sasa?"

"Sasa nyoosha mikono yako mwenyewe."

"Unajua kuliongoza gereza, wewe?" alisema pingu zilipobana, na upole ukamtoka wote kwa mkupuo. "Mfungwa mwenye mtu nje ana kiburi. Asiye na mtu unamfinyanga utakavyo. Wanne watano kama Kimya, na gereza zima linatulia. Wakubwa wangu walikuwa wananipa vyeti kwa utulivu huo!"

"Na kina mama wa langoni nao walikuwa utulivu?"

Inspekta alimwamuru Sajini ampitishe ua mkubwa. Wafungwa walikuwa wamejipanga kwa chakula. Walipomwona Mlezi na pingu, hakuna aliyeshangilia. Baadhi yao walivua kofia, kwa mazoea, kisha wakabaki wamezishika, hawajui wazivae au wazitupe. Simenti alikaa chini palepale kwenye foleni na kujifunika uso. Naye alikuwa na mke ambaye aliambiwa hataki kumwona.

Inspekta alirudi chumba cha mahojiano. Alimfungua Kimya pingu, ingawa kanuni haikuruhusu, akaufungua mlango wa pili.

Msusi aliingia, akasimama. Baba na binti walitazamana, kila mmoja akimtafuta mwenziwe ndani ya mtu huyu aliyezeeka, ndani ya mtu huyu aliyekua. Alipopiga hatua, mzee aliinua kiganja kumzuia.

"Ngoja. Yule mfagiaji aliyekuonea huruma. Mimi ndiye niliyekwenda kumwita. Aliniamini, akanifuata. Nimeandika, nimetia dole gumba. Nataka ulijue kabla hujanikaribia."

Msusi hakusogea mbele wala hakurudi nyuma. 

"Alikuwa na mke?" aliuliza.

"Alikuwa naye. Alimtaja kutwa."

"Ameshaambiwa jinsi mumewe alivyokufa?"

Mzee alimtazama Inspekta. Inspekta alitikisa kichwa: mke wa Redio aliambiwa mumewe kafa kwa ugomvi wa matusi.

Msusi alivuta kiti, akaketi mbele ya baba yake, akavishika viganja vyake viwili na kuvigeuza juu, kama anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Nitakwenda mimi nikamwambie," alisema. "Nitamwambia yote, na hili lako pia. Akinifukuza, nitarudi tena, mlango wa kufukuzwa nimeuzoea. Lakini sitakuombea msamaha, baba. Huo utamwomba wewe mwenyewe, siku atakapokubali kuja."

"Asipokubali?"

"Basi utamngoja," binti alisema, na hakuviachia viganja vyake.